Muulize Fundi: GCC imegoma kuapgredi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, laptopu yangu ina ramu ya GB 8, prosesa ina nyuzi 8, natumia Gentoo (Linux ambayo programu zake unazikompaili mwenyewe) tangu mwaka jana na ilikuwa haina shida kabisa. Juzi nikaanza kuapgredi GCC, ile kompaila inayogeuza kodi kuwa programu, ikaenda kama masaa mawili hivi ikafa, nikarudia usiku ikafa tena, nikiangalia chini naona "emake failed" basi. Rafiki yangu anasema nifute GCC ya zamani maana zinagongana. Nifanyeje, nina projekti ya kukabidhi wiki ijayo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa hiyo GCC ya zamani usiiguse! GCC inajengwa na GCC, yaani ya zamani inatengeneza kompaila ya kwanza, hiyo inajijenga tena inatoka ya pili, ya pili inajenga ya tatu, halafu ya pili na ya tatu zinalinganishwa kuona kama zimetoka sawasawa. Ukiifuta ya zamani hapo umejifungia nje na ufunguo umeuacha ndani. Na hazigongani, kwenye Gentoo kila toleo kubwa la GCC lina sloti yake, yaani nafasi yake peke yake.

Sasa hiyo "emake failed" ni taarifa ya msiba tu, aliyekufa yuko juu zaidi. Kazi 8 za kukompaili zinaandika kwa pamoja kwa hiyo kosa lenyewe linaweza kuwa mistari mia kadhaa huko nyuma. Fungua build.log, iko /var/tmp/portage/sys-devel/ kwenye folda ya gcc ndani ya temp, anzia mwisho upande juu ukitafuta "Error 1" na "Killed". Kwa mashine yako mimi nategemea utakuta "Killed" imeandikwa karibu na cc1plus (ndiyo kompaila yenyewe ya C++), na ukipiga dmesg | grep -i "out of memory" utaona keneli (moyo wa Linux) imekiri yenyewe kwamba ramu iliisha ikaamua kuua kompaila. Kodi haina kosa lolote hapo.

Hesabu yake ni rahisi, weka GB 2 za ramu kwa kila kazi moja. Wewe nadhani MAKEOPTS (idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja) umeweka -j8, hiyo ni GB 16 na wewe una 8, na kama /var/tmp/portage umeiweka kwenye tmpfs (diski inayokaa ndani ya ramu) kama wengi wanavyofanya basi hata hizo 8 unagawana na mafaili. Kwa hiyo iondoe tmpfs (umount /var/tmp/portage), ongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia ramu) kama diski ina nafasi, funga brauza, halafu piga:

MAKEOPTS="-j2" emerge --oneshot sys-devel/gcc

Na kama uliwasha pgo au lto (njia za kuiongezea gcc kasi) kwenye USE, yaani chaguo za kujengea, ya gcc zizime kwanza, pgo hasa inarefusha kazi sana. Itachukua muda mrefu, iache usiku ikiwa kwenye chaji, na betri iwe imejaa maana umeme ukikatika katikati utaanza mwanzo.

Ikimaliza usishangae gcc -v ikakuonyesha bado ya zamani, haihami yenyewe. Piga gcc-config -l uone namba ya mpya, gcc-config na hiyo namba, kisha source /etc/profile, halafu emerge -1 libtool. Ya zamani kaa nayo mpaka projekti yako umeikabidhi, ndio uje na depclean uifute.

SWALI: Fundi mimi niko Manyoni, yangu inakufa kila mara sehemu tofauti, "internal compiler error: Segmentation fault", nikirudia inapita pale inafia mbele.

JIBU: Pole sana. Kosa linalohamahama hivyo mara nyingi siyo la programu, ni ramu mbovu au joto. Kompaila ikienda masaa prosesa yote inafanya kazi bila kupumzika, na vumbi letu huku kati la kiangazi likishaziba feni mashine inachemka. Ifungue usafishe feni kwanza, kisha washa memtest86+ (programu ya kupima ramu) usiku mzima. Ikitoa kosa hata moja na una ramu mbili, toa moja, pima iliyobaki, halafu badilisha upime na nyingine.