Barua kwa mwanangu: yule mtu wa deraya

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama yule bwana wa Project Grizzly, ile filamu ya hali halisi kuhusu mtu na deraya yake ya kumkabili dubu, alikuwa mwendawazimu au mvumbuzi. Kwangu mimi ni mvumbuzi, hata kama wenzako wameicheka filamu hadi machozi.

Mwaka 1984, akiwa bado kijana, bwana huyo, Troy Hurtubise, alikutana uso kwa uso na dubu aina ya grizzly huko British Columbia, Kanada, akatoka hai. Mwingine angeapa asikanyage tena msituni. Yeye alikwenda kuunda deraya itakayomwezesha kumsogelea dubu na kumchunguza kwa karibu. Filamu ilipotoka mwaka 1996 alikuwa amefikia deraya aliyoiita Ursus Mark VI: titani, wavu wa chuma, plastiki na raba, kilo 67 hivi kwa jumla.

Watu hukumbuka alivyoijaribu deraya hiyo mwilini mwake: lori likimgonga na gogo likimbwaga. Wewe tazama ufundi uliomo. Gamba gumu la nje hutawanya pigo lisitue mahali pamoja, na tabaka laini la ndani hubonyea kidogo kidogo, mwili usipokee kishindo chote kwa mara moja. Ndiyo maana aliinuka. Lakini moyo wangu wa mzazi hushtuka kila nikiona, maana hakuna deraya inayouzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Kasoro yenyewe iko kwingine, na inaniuma. Kule kwenye milima ya Rocky, jimbo la Alberta, alikokwenda kumtafuta dubu, vazi lilishindwa na ardhi. Penye mteremko na mawe hakuweza kutembea ipasavyo. Majaribio yote yale yalipima kama atastahimili pigo. Hayakupima kama atamfikia huyo dubu. Marafiki walikuwapo, wakarimu wa kusaidia na kushangilia. Alihitaji pia mmoja wa kumwambia mapema: vaa, kisha panda kile kilima.

Mwaka 1998 alipewa Ig Nobel, tuzo ya kazi zinazochekesha kwanza, kisha zikafikirisha. Hakukata tamaa, aliendelea kubuni, hata akaunda deraya aliyoikusudia kwa wanajeshi. Alifariki mwaka 2018 katika ajali ya barabarani.

Ukiitazama tena, achana na lori. Tazama hatua zake kule mlimani, kisha uniandikie wewe ungebadilisha nini kwenye lile vazi.

Akupendaye,
Mama