Mabaka yamefifia, niache matibabu ya mwanga?

Dada, nimefurahi kusikia mabaka ya maikosisi fungoidesi yamefifia. Lakini kuacha mwanga ghafla, nakusihi, usiache. Limfoma hii ya ngozi, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, hutulia kisha ikarudi, ndiyo maana madaktari wengi hupunguza vipindi polepole, kutoka mara 3 kwa wiki hadi 1, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Mume wangu aliacha mwenyewe. Baka likarudi kiunoni, pale mkanda unapokaa, limepauka na lina magamba. Piga picha za ngozi kila mwezi, karibu na dirisha lile lile, uende nazo kliniki. Kama matibabu yako ni PUVA, yale ya kumeza dawa kwanza, uliza umeshafikisha vipindi vingapi, maana yakizidi huongeza hatari ya saratani nyingine za ngozi.