Barua kwa mwanangu: Bunge la kuazima

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema mwenzako wa kazini hapo Dodoma anashikilia kwamba Tsar, yaani mfalme, wa mwisho wa Urusi aliponzwa na upole: mwaka 1905 aliwapa watu Bunge, wakaota mapembe, na 1917 wakamng'oa. Nawe ukaniuliza, "Mama, wewe uliishi kule. Kama walishapewa walichotaka, mbona hawakutulia?" Nilianza kukujibu kwa simu, kidole kikachoka. Basi chukua barua.

Kwanza usinihesabu shahidi kwa kuwa niliishi kule. Nilifika Leningrad 1983 kusomea mambo ya maji na mabomba, na katika somo la historia tulilohudhuria, Bunge la Tsar, yaani Duma, lilipewa kama nusu saa: kiini macho cha mabepari, fungeni madaftari. Kasri la Tauride, lilimokaa Bunge hilo, nilikuwa nikilipita karibu kila wiki. Siku hizo lilikuwa chuo cha makada wa Chama, na bustanini nyuma yake watoto walicheza kwenye theluji. Yaliyotokea mle ndani nimekuja kuyasoma nikiwa na mvi, ndiyo maana nikiyaeleza napandisha sauti kidogo. Nivumilie.

Huo upole mimi siuoni. Tsar huyo, Nikolai II, alipokuwa hajamaliza hata miezi mitatu kwenye kiti, Januari 1895, wajumbe wa halmashauri za majimbo walikwenda kumpongeza. Baadhi yao walikuwa wameomba kwa adabu wasikilizwe katika mambo ya nchi. Akawajibu kwamba hizo ni ndoto zisizo na maana, na kwamba mamlaka ya baba yake atayalinda vilevile yalivyo. Mwalimu wake Pobedonostsev alimlea katika imani kwamba Bunge ni uongo mkubwa wa zama zao. Kijana aliamini. Mpaka anakufa, nadhani, hakuacha kuamini.

Kilichomlainisha ni kubanwa. Alikuwa anapigana na Japani na anapigwa. (Meli zake za kwenda vitani zilitia nanga miezi miwili na zaidi Nosy Be, kaskazini ya Madagaska, jirani na Ngazija, kabla ya kwenda kuzamishwa na Wajapani huko Tsushima Mei 1905.) Tarehe 9 Januari mwaka huo wafanyakazi wa Petersburg (ndiyo Leningrad hiyo niliyosoma), wakiongozwa na kasisi Gapon, waliandamana na wake zao na watoto, wamebeba sanamu za watakatifu na picha ya Tsar mwenyewe, kumpelekea maombi. Hakuwemo mjini. Askari wakafyatua risasi, na hata kwa hesabu ya serikali waliokufa walizidi 100. Kwa mkulima wa Kirusi Tsar alikuwa Baba, na mabaya yote yalisemwa ni ya mawaziri wanaomficha ukweli. Siku ile Baba naye aliingia kwenye hesabu ya wabaya.

Tarehe ninazokuandikia ni za kalenda yao ya zamani, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 13, usije ukagombana na mwenzako kwa hilo.

Oktoba treni zikasimama nchi nzima, viwanda vikafungwa. Witte, waziri aliyekuwa na akili kuliko wenzake wote pale, alimwekea mambo mawili mezani: atafute jenerali wa kutawala kwa bunduki, au atoe uhuru na Bunge. Jenerali hakupatikana. Tarehe 17 Oktoba 1905 Tsar akatia saini tangazo la uhuru na Bunge, na kumwandikia mama yake jinsi roho ilivyomuuma.

Sasa hapa ndipo ninapotaka umshike mwenzako mkono. Kile alichotoa, alikitoa au alikiazima?

Siku 4 tu kabla Duma haijafunguliwa, Aprili 1906, Tsar alitangaza Sheria za Msingi bila kuwauliza hao wabunge waliokuwa njiani na mabegi yao. Mawaziri wanawajibika kwake, si kwa Bunge. Juu ya Duma kuna Baraza la Dola, na nusu ya wajumbe wake anawateua yeye. Duma analivunja akitaka. Halafu kuna kifungu cha 87: Bunge likiwa mapumzikoni, serikali inaweza kutoa sheria ya dharura, mradi iipeleke bungeni ndani ya miezi miwili wakirudi. Na nani anayepanga mapumziko? Yeye yule. Mwenye kukuazima jembe huja kulichukua saa ambayo mvua imeanza.

Ufunguzi ulifanyika Kasri la Majira ya Baridi, upande mmoja wakuu wa ikulu na dhahabu zao mabegani, upande wa pili wabunge, wengine na makoti ya kijijini na buti za shamba. Walikwenda Tauride wakiwa na jambo moja kubwa: ardhi. Wakulima walikuwa bado wanalipa madeni ya kukombolewa utumwani mwa makabaila tangu 1861. Wabunge wakataka mashamba makubwa yachukuliwe, wenyewe walipwe fidia, wakulima wagawiwe. Waziri Mkuu Goremykin alisimama akawaambia jambo hilo halikubaliki kabisa. Ikabidi sasa serikali nayo ilete miswada yake. Unajua walileta nini kwanza? Fedha za sehemu ya kufulia nguo na nyumba ya kioo ya kuoteshea mimea, katika chuo kikuu cha Yuryev. Nchi inawaka moto, wanaletewa udobi. Kila nikifika hapo nacheka, kisha nanyamaza.

Siku 72, Duma la kwanza likavunjwa. Wabunge wapatao 200 wakavuka kwenda Vyborg, Ufini ya wakati ule, wakawasihi wananchi wasilipe kodi wala wasitoe vijana jeshini. Wananchi hawakuitikia. Waliotia saini wito huo walifungwa miezi mitatu na kupoteza haki ya kugombea, na humo walikuwamo mawakili na maprofesa wapole, watu wa kusema "tafadhali, mheshimiwa". Wale ndio waliokuwa tayari kufanya kazi na Tsar! Duma la pili, Februari 1907, likaja na wasoshalisti wengi zaidi, maana safari hii hawakususia uchaguzi. Wiki ya pili dari la ukumbi likaporomoka juu ya viti vya wabunge. Bahati, ilikuwa alfajiri, hamna mtu.

Na hili la pili likavunjwa tarehe 3 Juni, siku hiyohiyo Tsar akabadilisha sheria ya uchaguzi peke yake, wakati Sheria za Msingi alizoziandika mwenyewe zilisema haiguswi bila Bunge. Kura za wakulima na wafanyakazi zikapunguzwa uzito, za makabaila zikanenepeshwa. Wapolandi walikuwa na viti 36, wakabaki na 14. Turkestan, kwa Waislamu wa Asia ya Kati, wakafutiwa kabisa. Wahenga wetu wanasema ukila na kipofu usimguse mkono. Kipofu alikuwa ameridhika na tonge lake dogo, hajui sahani ina nini. Walimgusa.

Stolypin, Waziri Mkuu aliyepanga hayo, simpendi lakini simdharau. Alikuwa mchapakazi, na bomu lililolipuliwa nyumbani kwake Agosti 1906 lilimjeruhi binti yake na kuua watu wengi. Alitaka mkulima amiliki shamba lake mwenyewe, atoke kwenye umoja wa kijiji. Wazo lenyewe si baya. Ila alilipitisha kwa kifungu cha 87, kama alivyopitisha mahakama za kijeshi zilizonyonga na kupiga risasi watu zaidi ya 1,000 kwa miezi minane, hata mbunge Rodichev akaita kitanzi "tai ya Stolypin", tai ya kuvaa shingoni. Machi 1911 Baraza la Dola lilimkatalia muswada. Akamfanya Tsar ayaahirishe mabunge yote mawili kwa siku 3, akautoa kama sheria ya dharura. Dharura ya siku tatu! Hapo hata waliokuwa upande wake waliona haya. Septemba mwaka ule alipigwa risasi Kiev, ndani ya jumba la opera, Tsar akiwepo.

Duma la tatu lilimaliza miaka yake 5, kwa kuwa lilichaguliwa litulie. Kokovtsov, waziri wa fedha, aliwahi kuwaambia humo humo kwamba namshukuru Mungu, Bunge bado hatuna. Hakuwa anatania.

Vita kuu ilipokuja, walipata nafasi ya mwisho, nami naona ilikuwa nafasi ya kweli. Agosti 1915 vyama vingi vya Duma la nne, hata baadhi ya wahafidhina, viliungana kuomba jambo moja dogo: mawaziri ambao nchi inawaamini. Si jamhuri, si kumwondoa. Mawaziri tu. Tsar alikuwa ameshajipa uamiri jeshi. Mapema Septemba akaahirisha Bunge, akabaki kwenye makao ya jeshi Mogilev, akamwachia mkewe na Rasputin, mganga wa maombi aliyeaminiwa na mke huyo, uwanja wa kunong'ona. Mawaziri wakuu wanne wakapishana ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Novemba 1916 Milyukov alisimama bungeni, akataja makosa ya serikali moja baada ya jingine, na kila mara akauliza: huu ni upumbavu au ni uhaini?

Februari 1917 wanawake wa viwanda vya nguo walitoka barabarani kwa ajili ya mkate. Siku 4 baadaye askari waliotumwa kuwapiga watu waligoma. Asubuhi hiyohiyo wabunge walikuta amri ya Tsar ya kuwaahirisha tena. Unajua walifanyaje? Walitii. Hawakuingia ukumbi rasmi. Walihamia ukumbi mwingine wa kasri lilelile, wa nusu duara, wakasema hiki ni kikao cha faragha. Hao ndio walioota mapembe. Walikuwa bado wanabishana wafanye nini wakati askari na umati walipofika mlangoni, na kabla ya usiku upande wa pili wa jengo ulikuwa umeshikwa na Soviet, yaani baraza, ya wafanyakazi, isiyomwomba Tsar chochote. Tarehe 2 Machi watu wawili, Guchkov, mbunge wa zamani, na mbunge Shulgin, walipanda treni hadi Pskov kuipokea karatasi ya Tsar ya kujiuzulu.

Mwenzako msomee mpaka hapo, kisha niandikie amejibu nini. Mkeo msalimie, na watoto. Ukija Desemba usiniletee maua tena, niletee zabibu, na zifungwe vizuri, za mwaka jana zilifika Tanga zimekuwa mchuzi.

Mama yako