Jibu: Hati imebakiza miaka minne na mke wa muuzaji hajasaini

Habari ndugu. Nimeelewa kwamba nyumba unayotaka kununua huko Tabata, Dar es Salaam, ina hati ya kumiliki ardhi ya miaka 33 iliyobakiza minne, yenye jina la mume peke yake, naye anakuambia kwamba sahihi ya mkewe haihitajiki.

Anza na huyo mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Nami niliwahi kuambiwa maneno hayo hayo, nikakataa kutoa hata arubuni mpaka mama mwenye nyumba afike mbele ya wakili. Alipofika, ilibainika kwamba hakuwa na habari yoyote ya mauzo, na biashara ikaishia hapo.

Mke wa muuzaji wako akikubali kwa maandishi, omba upekuzi rasmi (ukaguzi wa kumbukumbu za umiliki) kwa Msajili wa Hati, kwa sababu nakala uliyooneshwa haiwezi kukuambia kama kuna rehani ya benki au zuio lililosajiliwa baadaye. Dai pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi.

Kuhusu miaka minne, ningemtaka muuzaji aombe kwanza kuongezewa muda kwa jina lake, na mkataba useme wazi kwamba sehemu kubwa ya bei italipwa baada ya hapo. Kuhusu iwapo matumizi ya eneo yamebadilishwa, atakayekujibu kwa uhakika ni afisa ardhi wa halmashauri, wala si dalali.