Anza na Picha za Giza: Ushauri kwa Wanaochambua Data za Eksirei za Kasi

Kwa miaka kadhaa nimepima madini katika maabara moja hapa Lubumbashi, ambako kigunduzi cha silikoni hupokea fotoni (chembe) za eksirei moja moja: ya shaba huja na nishati ya kiloelektronivolti 8.05, ya kobalti 6.93, nasi huzihesabu kama mifuko inayopita mlangoni. Nilipoanza kuchambua data za wazi kutoka European XFEL ya Ujerumani, leza ya eksirei inayotoa mipigo mifupi mno, nilikwenda na mazoea hayohayo, nikapoteza majuma matatu.

Kule mpigo mmoja wa eksirei haufiki hata femtosekunde 100, hivyo fotoni zote zinazoangukia pikseli moja hufika pamoja, na hakuna saketi iwezayo kuzihesabu. Kwa hiyo kigunduzi kiitwacho AGIPD hukusanya chaji yote kwa jumla (fotoni moja yenye nishati ile ya shaba huzaa elektroni zipatazo 2,200 ndani ya silikoni) na kuiweka akiba upesi, kwa kuwa mpigo unaofuata waweza kufika baada ya nanosekunde 220 tu. Muda huo hautoshi kuitoa picha nje. Ndiyo maana kila pikseli ina seli 352 za kumbukumbu, ambazo husomwa katika pengo lililopo kati ya misururu 10 ya mipigo inayokuja kila sekunde.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliona mwanga ukipanda na kushuka kutoka picha hadi picha, nikaamini kwa furaha kubwa kwamba sampuli ilikuwa ikibadilika. Kumbe kila seli ina kiwango chake cha chaji hata pasipo eksirei, nami nilikuwa nimeondoa wastani mmoja uleule kwenye seli zote.

Ndugu yangu unayeanza, chukua picha za giza, yaani zile zisizo na eksirei, zilizopigwa karibu na siku ya jaribio lenyewe, kisha ukokotoe kiwango cha kila seli ya kila pikseli, katika kila ngazi kati ya zile tatu za ukuzaji wa ishara ambazo pikseli hujichagulia kulingana na wingi wa mwanga. Kwa pikseli milioni moja, hizo ni namba zaidi ya bilioni moja, usichoke. Halafu ondoa viwango hivyo kwenye data, uchore mgawanyo wa thamani za pikseli zenye mwanga hafifu: kilele cha kwanza kikae kwenye sifuri, cha pili kwenye fotoni moja, cha tatu kwenye mbili, kwa nafasi zilizo sawa. Vilele visipojitenga hivyo, usiifungue picha ya sampuli; rudi kwenye giza.