Kabla Hujaupenda Mkweche, Inama Uuchungulie

Ujumbe wa mwezi huu umejaa, na nikiupepeta nabaki na swali moja lenye sura nyingi: hela kidogo, gari la zamani nalipenda, nifanyeje nisije nikalia? Wale ambao hamjajibiwa leo mnivumilie.

Shikamoo mzee. Nina milioni tisa taslimu. Roho inataka Toyota Altezza, jamaa zangu wanasema nichukue Toyota Mark II GX100. Naishi Tabata, kazini Posta. (Kijana wa Tabata)

Marahaba. Kwanza kabisa, milioni tisa huna. Una sita na nusu za kununulia, na mbili na nusu za kulipa madeni aliyoyaacha mwenye gari: mkanda wa taimingi, oili zote, matairi, bushi, betri, pengine na rejeta. Kila gari la mkononi mwa mtu huuzwa na madeni ya namna hiyo, hata tangazo likiandikwa "halidaiwi, maongezi yapo". Ukimwachia muuzaji hela yote, mwezi wa kwanza utaendesha kwa dua.

Sasa Altezza. Ilitoka Japani mwaka 1998 na ikabeba tuzo ya gari la mwaka kwao. Wengi huipendea dashibodi, ile spidomita iliyopachikwa vipimo vidogo ndani yake kama saa ya mkononi. Lakini chini ya boneti kuna injini za aina mbili. Kuna yenye 3S-GE, silinda nne, nguvu ya farasi 210 ukiipata ya gia sita za mkono. Na kuna yenye 1G-FE, silinda sita za mstari, farasi 160. Zote ni za lita mbili, na mtu anayeziona zikipita barabarani hazitofautishi. Hiyo 1G-FE ndiyo iliyomo kwenye GX100 unayoshauriwa na jamaa zako. Kwa maneno mengine, Altezza ya 1G ni moyo wa Mark II uliovishwa shati la kubana. Dalali akikutajia bei ya 3S, fungua boneti kabla hujafungua pochi.

Kwa foleni ya Tabata na Posta mimi ningechukua GX100, na ningetafuta ya kuanzia 1998, maana ndipo 1G ilipopata VVT-i, ule mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka. Viti vyake ni vya sebuleni, na fundi wa gereji bubu ya mtaani kwako ameshaifungua injini hiyo usiku kwa tochi ya simu. Ila kama foleni huijali na unachotaka ni raha ya kubadilisha gia, subiri mpaka upate 3S ya gia za mkono. Ya auto usiihangaikie.

Nyongeza moja: ukiona maandishi D-4 juu ya injini ya gari la umri huo, pita. Si injini mbaya. Petroli yake inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo pampu ikichoka bei yake inauma, na valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, zinajaa masizi. Nunua tu kama fundi wako ameshazifungua na kuzifunga, na gari likaondoka.

Mimi ni mwalimu, Arusha. Ufundi sijui. Nikienda kuangalia gari naanzia wapi? Kila dalali ananiambia "ni kuwasha na kuondoka".

Mwalimu, wewe liwashe tu, usiondoke.

Mwambie muuzaji unafika saa nne, kisha utokee saa mbili. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na moto, kuna mtu ameliamsha kabla yako, na gari linaloamshwa kabla ya mgeni kufika mara nyingi lina siri ya asubuhi. Likiwa la baridi, fungua mfuniko wa oili: ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, aga kwa heshima. Kisha liwashe mwenyewe, rafiki yako akiwa amesimama nyuma anaangalia moshi. Wa bluu, injini inakula oili. Mweusi, inakunywa petroli kupita kiasi. Mweupe unaokatika baada ya muda mfupi, kwa baridi yenu ya Julai, ni mvuke tu. Ukiendelea kutoka mweupe mzito hata injini ikishapata moto, gasketi ya silinda hedi inakuita jina.

Hata hivyo watu wanaihofia injini kuliko inavyostahili. Injini ya Toyota ya miaka ile hupatikana nzima, imetolewa kwenye gari lingine, na fundi mzuri anaifunga kwa siku chache. Bodi iliyooza haina duka. Kwa hiyo chukua sumaku ya friji, ifunge kwenye leso usichubue rangi, uipitishe chini ya milango, kwenye matao ya matairi na kwenye kingo za boneti. Inapoacha kushika, hapo si bati, ni puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Inua zulia upande wa dereva, bonyeza sakafu kwa dole gumba. Toa tairi la spea, tazama shimo lake. Halafu tandika gazeti ulale chini, hata kama umevaa nguo za Jumapili. Gari lililoishi Tanga, Unguja au Mombasa limelambwa na chumvi ya bahari. Lililokuja moja kwa moja kutoka Japani nalo lisikudanganye, kwani mikoa yao ya theluji humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huanza kazi chini, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Corolla DX yangu niliinunua saa mbili usiku, nje ya duka lenye taa kali. Nyekundu, inang'aa, nikaipenda hapohapo kama mtoto. Asubuhi nikaona tone la umande limeingia chini ya zulia. Nikalivuta zulia. Chini yake palikuwa na kipande cha boksi la sabuni kimepakwa rangi nyeusi, na chini ya boksi nikaona mchanga wa uani kwangu. Muuzaji simu yake ilikuwa haipatikani tena. Miezi mitano ilikaa kwa fundi wa kuchomelea, na mpaka leo abiria wa mbele namwambia asikanyage kwa kisigino.

Kuhusu kilomita, usisome dashibodi, soma vitu vinavyoguswa. Raba ya pedeli ya breki iliyolika mpaka chuma, usukani unaoteleza kama kokwa la embe, kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango: gari hilo halijatembea kilomita 78,000, hata mita iseme nini.

Mombasa. Babu ametuachia Peugeot 504 saluni. Imelala chini ya mwembe miaka kumi na mmoja. Mjomba anataka tuweke betri mpya tuiwashe Jumapili baada ya chakula.

Mpeni mjomba chakula, funguo mzifiche.

Poleni na msiba, na hongereni kwa urithi. 504 ilianza kutengenezwa mwaka 1968 na Kenya ilikuwa ikiunganishwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Ufaransa walishaiacha siku nyingi. Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978 kwa ile kupe ya milango miwili yenye injini ya V6. Yenu si ya mashindano, lakini kiwiliwili ni kilekile kisichoogopa makorongo.

Injini iliyolala muda huo kuta za silinda zake zimekauka. Ukiizungusha kwa stata, ringi za pistoni zinakwaruza chuma kwa chuma. Toeni plagi zote nne, mwageni kijiko cha oili kwenye kila tundu, mkalale siku mbili. Kisha izungusheni kwa mkono, spana kwenye puli ya mbele, taratibu. Ikizunguka, shukuruni. Ikigoma, msitumie bomba refu kuilazimisha. Ongezeni oili na subira. Mwageni petroli yote ya zamani na kuosha tangi, badilisheni oili na maji, na kabureta ifunguliwe mezani. Hozi za breki msizitazame mara mbili, wekeni mpya. Gari kukataa kuwaka si hatari. Gari kuwaka likakataa kusimama, hiyo ndiyo hatari.

Na neno hili mlibandike ukutani kwa fundi. Silinda za injini hiyo ni slivu, yaani mirija ya chuma inayopita pistoni, zinazokaa ndani ya maji, zimezibwa kwa chini. Akisema "tufungue hedi tuone", sawa, lakini hedi ikishatoka asizungushe krenki kabla ya kuzibana slivu kwa boliti na washa. Zikiinuka hata kidogo, maji yatateremka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kazi ya siku moja itakuwa ya mwezi. Fundi akicheka mkimwambia hivyo, tafuteni mzee aliyekuwa akitengeneza 504 zilipokuwa za kubeba abiria. Mombasa hawajaisha.

Gari la zamani liwekwe oili nzito, kweli au uongo? (Dodoma)

Inategemea uzamani wenyewe. DX yangu ya kabureta naiwekea 20W-50 na inanishukuru. Injini ya VVT-i ina vijia vyembamba vya oili vinavyoendesha ule mfumo wa valvu, kwa hiyo fuata kitabu, mara nyingi 5W-30 au 10W-30. Anayekuuzia oili nzito ili "kelele zipungue" anakuuzia pamba ya masikio.

Nina Corolla AE100, Mwanza. Nataka kukata springi ikae chini, halafu egzosi ya kelele. Nianze na kipi?

Anza na matairi, kijana wangu. Ubavuni kuna neno DOT na mwisho wake tarakimu nne. Ukiona 2315, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mpira huzeeka hata kashata, yaani meno ya tairi, zikiwa bado ndefu, na matairi ya mtumba yanayopakwa dawa nyeusi yakang'aa ndiyo hasa ya kusomwa.

Springi iliyokatwa inakuwa ngumu na fupi kuliko shokapu ilivyozoea. Shokapu inagonga chini kwenye kila tuta, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Ukitaka gari likae chini, nunua springi zilizotengenezwa fupi, pamoja na shokapu zake. Lakini kwanza badilisha bushi za mikono ya mbele, boli jointi na shokapu za kawaida, upige wili alaimenti. Utashangaa. AE100 nyingi wanazoziita nzito na za kuyumba zina bushi za tangu Japani. Egzosi ni hela yako na majirani zako.

Dalali anataka laki tano zaidi kwa sababu gari ni namba D, yaani herufi za kibao chake zinaanza na D. Ni haki? (Dar)

Namba inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haielezi lilizaliwa lini. Gari la 1998 likiingia nchini likiwa limeshazeeka litabeba D vilevile. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi, kisha linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bati, herufi kwa herufi, kwa kidole. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako na kitambulisho chake. Si shemeji, si "bosi yupo safari". Faini za trafiki ziangalie mtandaoni kwa namba ya gari kabla ya kulipa, kwa kuwa ukishalichukua, askari atakayekusimamisha hana habari na mwenye zamani. Laki tano hizo nunulia betri.

Mume wangu ana Datsun 1200 juu ya mawe tangu mtoto wetu wa kwanza anyonye. Sasa yuko darasa la nne. Kila mwaka "bado kidogo tu". Niiuze? (Mke wa mtu, Morogoro)

Dada yangu, mimi ni hakimu mwenye kesi ya aina hiyohiyo nyumbani, kwa hiyo pima maneno yangu. Leo akirudi, baada ya chakula, muulize kwa upole: imebaki spea gani? Akikutajia kitu chenye jina na kipimo, kwa mfano silinda ya breki ya gurudumu la nyuma kushoto, basi bado anaitengeneza, mpe mpaka Pasaka. Akijibu "vitu vidogovidogo", hajaifungua tangu mtoto yuko chekechea.

Ukifikia kuuza, usimwite mtu wa vyuma chakavu. Yeye atapima kilo, na kuna vijana wanaozitafuta hizo wakiwa na hela mkononi, hata isiyo na injini, mradi bodi na vioo vipo. Kadi itafuteni mapema, bila kadi mnauza banda la kuku.

Na kabla hamjamuuzia mtu, naomba uniangalizie kitu. Ndani ya hiyo Datsun, au kwenye stoo anayoificha nyuma ya magunia ya mkaa, hakuna kioo cha pembeni cha DX, upande wa kulia? Wa namna yake huwa wanaokota kila kitu.