Medali, walimu na mabwawa ya bata maji: majibu ya maswali yenu kuhusu baleti ya Urusi

Tangu niandike hapa kuhusu Galina Ulanova, mchezaji mashuhuri wa baleti wa Urusi, barua zenu hazijakoma. Nimechagua sita. Nyingine zimeulizwa na wengi kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimeziunganisha.

Kila hatua ya baleti ina jina la Kifaransa: plie, fuete, arabeski. Sasa Warusi wanadai urithi gani hapo? (Msomaji, Morogoro)

Unauliza jambo la haki. Baleti haikuzaliwa Urusi. Mwaka 1738 Malkia Anna Ioannovna alimruhusu Mfaransa Jean-Baptiste Landé afungue shule ya dansi St Petersburg, na shule hiyo ndiyo leo inayoitwa Akademia ya Vaganova. Marius Petipa, aliyetunga dansi za baleti ya Sleeping Beauty mwaka 1890, alikuwa mzaliwa wa Marseille. Alifika Urusi mwaka 1847, akafanya kazi huko mpaka uzeeni. Msweden Christian Johansson alileta usafi wa hatua, na Mwitaliano Enrico Cecchetti akaleta nguvu ya miguu na mizunguko.

Warusi walivipika vyote hivyo katika chungu kimoja, polepole, kwa fedha za ikulu na kwa watoto waliolelewa bwenini, hadi ladha ikawa moja. Sisi ambao tumechukua kitabu kwa Mwarabu na meza kwa Mreno, na bado tunasema Kiswahili, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili.

Huyu Vaganova ni nani hasa? Kila shule inajitangaza kwa jina lake. (Dada mwalimu wa dansi, Mombasa)

Agrippina Vaganova alizaliwa mwaka 1879 na alicheza katika jukwaa la Mariinsky, ukumbi mkuu wa baleti wa St Petersburg. Alisubiri miaka mingi mno kabla ya kupewa cheo cha juu kabisa. Alikipata mwaka 1915, na mwaka uliofuata akastaafu. Mtu mwingine angebaki na uchungu tu. Yeye alirudi darasani na kujiuliza kwa nini mwili wake ulikuwa umeshindwa kufanya baadhi ya mambo ambayo Waitaliano waliyafanya kwa wepesi.

Jibu alilipata mgongoni. Kwake mguu haunyanyuliwi na paja peke yake, na mkono si pambo la kuwekwa juu baada ya kazi kuisha. Mkono ndio unaosaidia kuruka na kuzunguka, nao unaanzia kwenye mgongo. Alianza kufundisha katika shule ile ya St Petersburg mwaka 1921, na kitabu chake cha misingi ya dansi ya klasiki kilitoka mwaka 1934. Wanafunzi wake Marina Semyonova, Galina Ulanova na Natalia Dudinskaya walihitimu katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kila mmoja alicheza tofauti kabisa na mwenzake. Huo kwangu ndio ushahidi mkubwa kuliko cheti chochote cha ukutani: mwalimu mmoja, msingi mmoja, wachezaji watatu wasiofanana.

Kwa hiyo, dada yangu, shule ikijitangaza kwa jina lake, usiangalie mguu umefika juu kiasi gani. Tazama mabega, shingo na mikono ya watoto wadogo kabisa. Kama hao wameshikwa vizuri, jina limetumika kwa haki.

Hapakuwa na video wakati wa Petipa. Tunajuaje kwamba tunachokiona leo ni kazi yake? (Msomaji, Kampala)

Kwa sehemu kubwa, kwa kumbukumbu za miili. Mchezaji anamfundisha anayemfuata, naye anamfundisha mwingine, ukumbini, kwa mkono na kwa sauti. Lakini maandishi nayo yapo. Vladimir Stepanov alibuni namna ya kuandika dansi kwa alama zinazofanana na noti za muziki, akaichapisha Paris mwaka 1892, na baleti nyingi za Mariinsky zikaandikwa kwa alama hizo. Baada ya mapinduzi, Nikolai Sergeyev aliondoka Urusi na masanduku ya karatasi hizo. Katika miaka ya 1930 alizitumia London kuwafundisha Waingereza baleti za Giselle, Swan Lake (ziwa la bata maji) na Sleeping Beauty. Leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Hata hivyo karatasi hizo hazisemi yote. Mara nyingi miguu imeandikwa na mikono imeachwa wazi. Hapo ndipo unapomhitaji mzee aliyeona.

Ni kweli kwamba asiyeweza kuzunguka mara 32 hawezi kucheza Swan Lake? (Mwanafunzi, Dodoma)

Fuete 32, yaani hiyo mizunguko ya mguu mmoja, zilikuja na Mwitaliano Pierina Legnani, katika toleo la mwaka 1895 la Petipa na Lev Ivanov. Baleti yenyewe ilikuwa imeonyeshwa Moscow tangu 1877 bila hizo fuete. Mwanangu, hesabu ukipenda, lakini kitu cha ajabu katika Swan Lake ni yale mandhari ya ziwani aliyoyatunga Ivanov, wasichana wengi wanapopumua kama ndege mmoja.

Mashindano ya baleti yalianza lini, na je, medali inamaanisha chochote? (Wasomaji kadhaa)

Shindano kongwe la kimataifa ni la Varna, Bulgaria, katika pwani ya Bahari Nyeusi. Lilianza mwaka 1964, na wachezaji hupanda jukwaa la wazi, usiku, chini ya anga. Ulanova aliongoza majaji wa mwaka huo wa kwanza, na tuzo kuu ilikwenda kwa Vladimir Vasiliev wa Bolshoi, ukumbi mkuu wa Moscow. Moscow walianzisha la kwao mwaka 1969, linalofanyika kila baada ya miaka minne. Wamarekani walifuata na la kwao huko Jackson, Mississippi, mwaka 1979.

Wakati wa Vita Baridi medali ilikuwa na uzito wa bendera. Ndiyo maana ushindi wa Mmarekani Amanda McKerrow huko Moscow mwaka 1981 ulishangiliwa sana kwao. Mikhail Baryshnikov, mchezaji wa Kisovyeti, naye alipata dhahabu Varna mwaka 1966 na Moscow mwaka 1969. Mwaka 1974, akiwa katika ziara Toronto, aliamua kutorudi Umoja wa Kisovyeti. Medali ilimtambulisha, ila aliyemjenga ni mwalimu Alexander Pushkin wa Leningrad (ndiyo St Petersburg ya leo), yuleyule aliyemjenga mchezaji mwingine mashuhuri, Rudolf Nureyev.

Simulizi ninayoipenda zaidi ni ya Perm, mji wa viwanda karibu na milima ya Ural. Vita ilipofika Leningrad mwaka 1941, shule ya baleti ya huko ilihamishiwa Perm pamoja na wachezaji wa ukumbi wake wa maonyesho. Wakarudi kwao mwaka 1944, lakini mbegu ilikuwa imeshaanguka. Mwaka 1945 Perm ikapata shule yake, chini ya Ekaterina Geidenreich, ambaye mwenyewe alisomea ile ya St Petersburg. Geidenreich akamfundisha Lyudmila Sakharova, na Sakharova akamfundisha msichana mmoja kutoka Cheboksary, Nadezhda Pavlova. Mwaka 1973, akiwa na miaka 17, Pavlova alitwaa tuzo kuu ya Moscow. Watu waliona msichana aliyeibuka ghafla. Mimi naona miaka 28 ya kazi ya wanawake wawili katika mji ambao wengi hawakuufikiria.

Kinachonisumbua katika mashindano ni kwamba mchezaji huja na kipande cha dakika mbili au tatu kilichokatwa kutoka baleti ya saa nzima na zaidi. Kitri wa baleti ya Don Quixote anaingia bila mji wake, Giselle bila mama yake. Basi vijana hujifunza kushangaza kabla ya kujifunza kusimulia, na miguu inazidi kupanda mwaka hadi mwaka. Majaji wazuri wanaliona hilo. Si wote wanaoliadhibu.

Binti yangu ana miaka 12, anacheza baleti hapa Nairobi. Ameona mashindano mtandaoni na anataka nimpeleke mwakani. Nifanyeje? (Mama, Nairobi)

Mama, hongera kwa kumsikiliza. Usimpeleke mwakani. Prix de Lausanne ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1973, hupokea vijana wa miaka 15 hadi 18, na umri huo una sababu. Hilo ndilo shindano ninalolipenda kuliko mengine, kwa kuwa majaji huwatazama vijana wakifundishwa darasani siku kadhaa, na zawadi yake ni nafasi ya kusoma au kufanya kazi katika kampuni ya baleti. Carlos Acosta wa Kuba alishinda hapo mwaka 1990.

Na si lazima njia ipite kwenye shindano. Joel Kioko alianzia huko huko Nairobi, akaenda kusoma English National Ballet School, London.

Kwa sasa nenda kwa mwalimu wake, umuulize ni lini atamruhusu kuvaa viatu vya kusimamia vidole, na kwa nini. Akikutajia tarehe ya onyesho, tafuta mwalimu mwingine. Akimwita binti, akamsimamisha mbele yako na kukuonyesha vifundo vya miguu, nyonga na mgongo wake, mwache hapo hapo.